Malaria Imepanda Kichwani

Leo sina habari za mafuriko, wala za mashamba na malisho. Nataka tukae na maneno matatu ambayo hakuna mtu wa Garsen asiyeyajua, na wengi wetu tumeyatamka kwa vinywa vyetu: malaria imepanda kichwani.

Yanakotoka unakujua. Mtu ana homa siku mbili, ya tatu anaanza kusema mambo ya ajabu, anaita marehemu kwa majina, ama anaanguka na kutupa miguu. Jirani anachungulia mlangoni, anarudi nyuma, anasema imepanda. Maswali yanaishia hapo. Simcheki mtu. Ukikaa kando ya mto Tana, ambapo maji yakipungua yanaacha vidimbwi na vidimbwi vinaacha mbu, hayo ni maneno ya watu waliozika watoto. Malaria ya ubongo ipo, na haina subira. Mwenye homa aliyechanganyikiwa apimwe malaria kwanza, tena apimwe leo, na hapo mimi na daktari yeyote kauli yetu ni moja. Swali langu ni la yule ambaye kipimo kimesema hana. Au yule aliyemeza dawa za malaria mara nne kwa mwaka mmoja na bado hapoi. Huyo, kilichompanda kichwani ni nini?

Nauliza kwa sababu lilinikuta nyumbani. Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, fundi wa cherehani. Ameniridhia niseme, mradi jina nisilitaje, na nyinyi mnaomjua mkae kimya. Mwaka mzima asubuhi ilikuwa adui yake: anaamka vidole vimejaa, hashiki mkasi mpaka ifike saa nne. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Kisha mashavuni kukatokea weusi, huku na huku, ukavuka juu ya pua kama kipepeo aliyetandaza mbawa, na wanawake sokoni wakakata shauri, bila kumuuliza, kwamba ni mkorogo uliomgeukia. Vitabu vya udaktari vinasema upele huo ni mwekundu. Vitabu hivyo viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi huja mweusi au wa zambarau, na jambo hilo peke yake limewachelewesha wengi.

Alitibiwa malaria. Alitibiwa taifodi. Alitibiwa baridi yabisi. Mwisho daktari mmoja wa Mombasa akamuuliza kuhusu mkojo wake, akaambiwa unatoa povu, akatuma damu maabara, na majibu yaliporudi akaupa ugonjwa jina: lupasi.

Jina lenyewe ni la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Eti madaktari wa kale wa Ulaya waliona vidonda vya uso vinafanana na mahali palipong'atwa. Mimi ningeuita ugonjwa wa mlinzi. Umeajiri mlinzi wa usiku, umempa rungu na tochi, kazi yake ni wezi. Siku moja anaingia ndani na kuanza kuwapiga wenye nyumba. Ndivyo kinga ya mwili inavyofanya kwenye lupasi: inatengeneza kingamwili dhidi ya chembe za mwili wenyewe, na inapiga popote, viungo, ngozi, figo, moyo, damu. Katika wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi wako katika umri wa kuzaa. Hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja.

Na ubongo nao ni chumba katika nyumba hiyo.

Siku moja nilipita kibandani kwake kuchukua kanzu. Nikamkuta anapima kitambaa kilekile, anaandika, anafuta, anapima tena. Nikamwambia, "Mama, mbona leo umebanwa na hesabu?" Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Akasema, "Mjomba, namba za futi zinatembea." Nilicheka. Nilidhani ni usingizi. Siku ya pili yake alianguka palepale kwenye cherehani, mguu bado uko juu ya pedeli, akatapatapa mpaka kiti kikavunjika.

Nyumba ikajaa watu, na kila mtu na lake. Imepanda, alisema wa kwanza. Mwingine akasema haya ni majini, tena anayajua ni ya wapi. Shangazi mmoja akaleta kombe, na mimi sikumzuia, maana dua haigombani na hospitali. Nilichozuia ni kulala. Hospitalini kipimo cha malaria kikatoka hana. Nesi akasema kitu ambacho nimekihifadhi: "Kama ana lupasi, huyu asisubiri asubuhi." Kutoka hapa mpaka Mombasa, kwa njia ya Malindi, ni zaidi ya kilomita 200, na usiku kilomita hizo huzaana.

Picha ya kwanza aliyopigwa ilikuwa ya CT. Hiyo ni miale ileile ya eksirei, ila mashine inazunguka kichwa na kompyuta inakikata vipande vipande kama mkate wa mofa, ukaweza kutazama kila kipande. Inachukua dakika chache tu. Ubora wake ni huo wa haraka: kama kuna damu imevuja ndani ya ubongo, au uvimbe mkubwa, inaonekana mara moja, na daktari wa usiku anahitaji kulijua hilo kabla ya jambo jingine lolote. Kwa mpwa wangu hapakuwa na damu. Tukashukuru.

Baada ya siku mbili akapelekwa kwenye MRI. Hii nataka nikueleze vizuri, kwa sababu watu huiogopa bila sababu na wakati mwingine hawaiogopi pale inapostahili. Haina miale. Ni sumaku, na sumaku yenyewe si mchezo: zile za kawaida mahospitalini zina nguvu zaidi ya mara 30,000 kuliko ile ya ardhi inayogeuza sindano ya dira. Kwa hiyo mlangoni unavuliwa kila chuma. Alitoa bangili, pini za mtandio, klipu za nywele, simu. Wanja akaambiwa afute, maana vipodozi vingine vina chembe za madini. Kisha mhudumu akanyoosha kidole kwenye uzi wa shingoni. Hirizi, ile aliyofungwa na bibi yake, imefunikwa kwa bati la fedha. Mtoto akanitazama mimi. Nikaipokea, nikaifunga ndani ya leso yangu, nikamwambia itakuwa mfukoni mwangu, upande wa kushoto, mpaka atoke. Aliingia.

Ndani unalala chali, kichwa kimewekwa kwenye kitu kama kikapu cha plastiki, mkononi umepewa mpira wa kubonyeza ukizidiwa. Halafu kelele. Mwenyewe alisema ni kama kulala ndani ya mashine ya posho inayosaga mawe. Nusu saa, wakati mwingine zaidi, na usitikisike, kwa sababu ukitikisika picha inakuwa ukungu. Na wakitaka kukuchoma dawa ya kung'arisha picha, mwenye lupasi aseme habari ya figo zake kabla ya sindano, si baada, kwa kuwa dawa hiyo inatoka kupitia figo, na figo ndizo ugonjwa huu unapenda kuzishambulia. Mwenye mimba vilevile aseme.

Majibu yalikuja kesho yake. Ukurasa mmoja, na mwisho wake neno moja ambalo sote tulilielewa: kawaida. Ubongo wa kawaida.

Sasa hapa ndipo nilipotaka tufike, msikilizaji. Binamu yake aliyekuwa nasi alishusha karatasi, akasema taratibu, "Kwa hiyo alikuwa anajifanya?" Nami, Mungu anisamehe, kwa muda wa kumeza mate nilifikiri vivyo hivyo. Gharama yote hii, mbio zote hizi, na mashine kubwa kama nyumba imesema hana kitu.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoshuka puani, hakukasirika. Aliuliza tunatoka wapi. Tukasema Garsen. Akasema, "Basi nyinyi mnajua mafuriko." Akatuambia hivi. MRI inasoma maji. Ubongo umejaa maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni, na ni hiyo haidrojeni inayoitika ikichokozwa ndani ya sumaku. Mahali palipoumia, palipovimba, palipokosa damu, maji yake hukaa tofauti, na kwenye aina fulani ya picha panang'aa meupe. Ni kama kupanda ndege baada ya mto kufurika: unaona hapa panametameta, pale panametameta, unajua maji yamefika. Lakini ndege hiyo haikuambii nani alizozana na nani kwenye kambi ya waliohama makwao. Haikuambii mtoto gani halali usiku. Kingamwili na kemikali za ugonjwa zinaweza kuvuruga mazungumzo ya chembe za ubongo bila kubomoa ukuta wowote. Picha inaonyesha kuta. Mazungumzo haiyasikii.

Nilipofuatilia baadaye niligundua hakuwa anatufariji tu. Tafiti kadhaa za wagonjwa ambao lupasi imewashika ubongo zimekuta karibu nusu yao MRI ya kawaida haioni kitu. Wengine huonekana na vidoa vidogo vyeupe katika sehemu nyeupe ya ubongo, ile yenye nyaya. Hicho ndicho kinachoonekana mara nyingi kuliko vyote, nacho pia kina utata, kwa kuwa vidoa hivyohivyo anavyo mzee mwenye presha ambaye lupasi hajaisikia. Ndiyo kusema picha safi si cheti cha uzima, na vidoa si hati ya hukumu.

Utauliza, sasa picha ya nini? Swali zuri, na jibu lake lilinifundisha udaktari kuliko vipindi vyote vya afya nilivyowahi kusoma hapa redioni. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilikaa kikaorodhesha namna ambazo lupasi hugusa ubongo na neva, zikafika 19. Kuna kifafa, kuna kiharusi, kuna kuona na kusikia visivyokuwepo, kuna huzuni nzito, kuna kusahau, kuna miguu kufa ganzi, kuna hata maumivu ya kichwa matupu. Hakuna hata moja kati ya hizo 19 ambayo ni ya lupasi peke yake. Zote zina njia nyingine ya kuja. Kwa hiyo daktari anapiga picha ili kuziondoa mlangoni hizo njia nyingine moja moja.

Angalia jinsi njia zinavyoachana. Kuna wagonjwa wa lupasi ambao damu yao ina kingamwili za kuigandisha, zile ambazo Graham Hughes wa London alizieleza mwaka 1983. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuharibikiwa na mimba mara kwa mara, kisha siku moja upande wa mwili unalegea. Picha ikionyesha mshipa umeziba, anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na pengine ya maisha. Mwingine figo zimeharibika, presha imeruka, na sehemu ya nyuma ya ubongo imevimba maji. Huyu haoni vizuri, anaanguka kifafa, na tiba yake ya kwanza ni kushusha presha. Mwingine tena ni ubongo wenyewe unaoshambuliwa. Huyo atapewa prednisolone kwa kipimo kikubwa, pengine na dawa kali zaidi za kumtuliza yule mlinzi. Na wa mwisho, huyu ndiye anayenitia baridi: ni mgonjwa anayemeza prednisolone miezi mingi, kinga imelazwa, na kifua kikuu kimeingia kwenye utando wa ubongo. Kwa nje amefanana na yule wa tatu kama pacha. Ukimwongezea prednisolone bila dawa za kifua kikuu, umemfungulia mwizi mlango. Ndiyo maana pamoja na picha mpwa wangu alichomwa sindano ya mgongoni, wakachukua yale maji, wakayapima. Dada yangu alilia siku ile kwa sababu mtaani wanasema sindano ya mgongo inapoozesha. Haikumpoozesha.

Tena prednisolone yenyewe, kwa baadhi ya watu, huleta kichaa cha muda. Kwa hiyo kuna mgonjwa ambaye kilichompanda kichwani ni dawa.

Naomba nitoke njiani kidogo, mtanivumilia, kwa sababu malaria tumeianza na hatujaimaliza. Zamani madaktari walisema lupasi Afrika ni nadra. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kwamba huenda malaria na vimelea wengine ndio wanaotukinga na magonjwa haya ya kinga kujigeuka. Wengi wakaridhika, na daktari akiridhika kwamba ugonjwa haupo, hautafuti. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Cambridge na wenzao, wakiwemo wa hapa jirani Kilifi, walitoa habari ya kushangaza: kuna badiliko moja katika jeni fulani ambalo mtoto wa Kenya akilirithi kwa baba na kwa mama humpunguzia malaria kali, na badiliko hilohilo huongeza hatari ya lupasi. Kinga iliyochachamaa humaliza vimelea, na ikikosa vimelea huenda inatafuta kazi nyingine. Sisemi kila mwenye lupasi wa Tana River kaipata hivyo. Asili ya ugonjwa huu ina mikono mingi. Nasema tu kwamba yale magonjwa mawili tunayoyachanganya pale mlangoni ni jamaa wa karibu kuliko tulivyofikiri.

Hata dawa zao ni ndugu. Wenye umri wangu mnakumbuka klorokwini, uchungu wake na ule mwasho wa kujikuna mpaka ukutani, kabla haijaachwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa vile vimelea viliizoea. Mdogo wake, haidroksiklorokwini, ndiyo nguzo ya tiba ya lupasi hadi leo. Mpwa wangu anaimeza kila siku, na macho anapimwa kwa ratiba, maana ikitumika miaka mingi inaweza kugusa retina. Mwaka 2020 wakubwa wa dunia walipoisifia kuwa inatibu korona, haikutibu, lakini wenye lupasi katika nchi nyingi walizunguka maduka ya dawa wakirudi mikono mitupu.

Turudi kwenye mashine. Mtu wa kwanza kulazwa chini ya CT alilazwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa kazi ya Godfrey Hounsfield. Hesabu za jambo lilelile alikuwa amezianza Allan Cormack akiwa Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, mwaka 1956. Wakagawana Nobeli mwaka 1979. Yaani mzizi mmoja wa mashine hiyo uko Afrika, halafu Afrika ikaipangia foleni. MRI ndiyo zaidi: inataka umeme usiochezacheza, inataka heliamu ya kimiminika, inataka fundi, na inataka mtu wa kusoma picha. Ndiyo maana kwa sisi wa Garsen picha hiyo ni safari.

Ila kuna habari moja ya jirani zetu naipenda. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kililetewa vipande vya MRI kwa ndege kutoka Uholanzi, pamoja na vifaa vya kuviungia. Wahandisi wa pande zote mbili wakakaa chini, wakapanga sumaku ndogondogo kwenye pete 23 kwa mikono, na tangu mzigo kufika mpaka picha ya kwanza zilipita siku 11. Nguvu ya sumaku hiyo ni kama sehemu moja ya 30 ya ile ya hospitali kubwa; haitaki heliamu. Ilikusudiwa hasa kwa watoto wenye maji kichwani. Vidoa vidogo vya lupasi sidhani vingeonekana humo, lakini damu nyingi au uvimbe, hayo ni mazungumzo mengine. Na kitu kilichoungwa Mbarara kinaweza kutengenezewa Mbarara kikiharibika. Mimi hilo ndilo nililolishika, kwa sababu tumeona mashine ngapi kwenye pwani hii zimefunikwa shuka zikingoja fundi wa ng'ambo?

Mpaka siku hiyo ifike, yapo yanayowezekana hapa. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, kinachobadilika rangi kukiwa na protini, ni cha bei ndogo. Mashine ya presha ipo hata zahanati. Dada mwenye homa zisizoisha, viungo vinavyovimba asubuhi, vidonda vya mdomo, nywele zinazokatika, mimba zilizotoka, akipimwa hivyo viwili tayari tumetoka kwenye "imepanda" tumeingia kwenye "hebu tuangalie".

Na ile karatasi ya rufaa. Wakati tunangoja Mombasa niliona fomu mbili juu ya meza. Moja, ya mtu mwingine, hospitali ilikotoka siitaji, imeandikwa maneno mawili: kuchanganyikiwa, malaria, na alama ya kuuliza. Ya mpwa wangu, yule nesi wetu alikuwa ameijaza mpaka pembeni: ana lupasi tangu lini, anameza nini na kiasi gani, protini kwenye mkojo, presha ilikuwa ngapi, ameanguka mara ngapi, alianza kukosea hesabu siku gani. Hata futi aliiandika. Msomaji wa picha ni mtu aliyekaa kwenye chumba chenye giza, hajamwona mgonjwa, hajui kama anatazama kichwa cha fundi cherehani au cha mvuvi wa Kipini. Anachokitafuta kinategemea alichoulizwa. Ukimpa maneno mawili, atakurudishia mawili. Kwa hiyo ukipewa rufaa, kabla hujapanda gari, soma ilichoandikwa, na kama hujui kusoma mwombe mwanafunzi akusomee. Kikikosekana kitu, rudi dirishani. Ulizia pia bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipa nini, maana kuambiwa hailipi ukiwa Mombasa, saa nane mchana, pesa ya nauli ndiyo iliyobaki, si jambo la kumtakia mtu. Picha za zamani usizitupe wala usiezekee banda la kuku. Daktari huziweka mpya na kuukuu kando kwa kando, na tofauti ndiyo inayosema.

Mpwa wangu alitibiwa kama mtu ambaye lupasi imemgusa ubongo, kwa ushahidi wa damu yake, wa mkojo, wa yale maji ya mgongo yasiyo na vijidudu, na wa namba za futi, ingawa picha ilinyamaza. Namba zilisimama baada ya wiki kadhaa. Bado kuna siku anapima kitambaa mara mbili, na anasema hiyo ya pili ni ya kumkomoa mjomba.

Siku tuliyorudi basi lilituteremsha Minjila saa saba, jua liko utosini, na jua kwa mwenye lupasi ni moto juu ya moto, hata bila ya hili letu. Kivuli hakuna. Akachukua ile bahasha kubwa ya picha akajifunika uso. Mama muuza maembe akamwita aje chini ya turubai lake, akamsogezea ndoo akae, akauliza ndani ya bahasha kuna nini.

"Picha ya kichwa changu, mama."

"Wameona nini?"

"Hawakuona kitu."

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi, akaitazama tena bahasha. "Sasa mmetoka huku mpaka Mombasa, mmelipa pesa zote hizo, ili waone hakuna kitu?"

"Ndiyo, mama," akasema, na akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miezi mingi. "Nichagulie ngowe mbili. Zisiwe zimeiva sana."